Goli la Kipimo cha Mwanamke Aliyeketi

Ilikuwepo nchi moja ikiitwa Jamhuri ya Wastani. Msihangaike kuitafuta kwenye ramani, kwa sababu wenye ramani waliikunja wakaikalia. Ilikuwa nchi ya amani tele, na kila aliyesema kwamba haina amani alipelekwa mahali penye amani zaidi, akakaa huko kimya. Ilikuwa na bendera, ilikuwa na wimbo, ilikuwa na mawaziri wengi kuliko barabara, na ilijaliwa wizara moja ambayo nchi nyingine bado hazijaipata: Wizara ya Michezo, Adabu na Vipimo.

Waziri wake aliitwa Mheshimiwa Daktari Ngwali Kiponda. Udaktari wake haukuwa wa kutibu mtu. Alitunukiwa na chuo kikuu alichokifungua mwenyewe, siku ile ile ya kukifungua, kabla chuo hakijatiwa milango. Alikuwa mtu mnene, mwenye sauti nzuri, na alipenda sana kuwahurumia watu. Aliowahurumia walikuwa wakijificha.

Sasa, katika mji mkuu wa nchi hiyo palikuwa na mtaa ukiitwa Kwa Mbaruku, na katika mtaa huo palikuwa na uwanja wa mpira. Majani yake yalikuwa machache na mbuzi waliyajua yote, lakini milingoti yake ya goli ilikuwa ya mninga, imechongwa, imepigwa msasa, imepakwa mafuta. Aliichonga Fundi Mbaruku mwaka aliomwoa Bi Shuwea. Wanaume wengine huwajengea wake zao jiko. Mbaruku alikuwa amemwona Shuwea akidaka machungwa aliyokuwa akirushiwa na ndugu zake uani, asikose hata moja, akaenda kumposa, na alipokwisha kumwoa akamjengea goli.

"Udake mbele za watu," alimwambia. "Siyo uani tu kama kuku."

Mbaruku alipofariki, Bi Shuwea alikaa eda yake kama ilivyoamriwa. Hakutoka, hakujipamba, hakusogea hata dirishani uwanja ulipopiga kelele. Eda ilipokwisha aliswali rakaa mbili, akafunga ushungi, akavaa suruali ya marehemu chini ya dera, akaenda kusimama katikati ya ile milingoti. Watu wakasema mjane amerukwa na akili. Wakaendelea kusema hivyo mpaka walipojaribu kumfunga.

Timu yao iliitwa Shungi. Kipa alikuwa Bi Shuwea, na mfungaji alikuwa Jokha, binti wa kaka yake, muuza vitumbua, mwenye mguu wa kushoto usio na adabu hata kidogo. Waliobaki walikuwa mama lishe, wasusi, mwalimu mmoja wa chekechea na wakwe wawili wasiosemezana isipokuwa kwa pasi.

*

Lazima ijulikane kwamba Serikali ya Wastani ilipenda mpira, ila ilipenda kipindi kimoja. Desturi ilikuwa hivi. Mgeni Rasmi huja na ving'ora, hupigiwa wimbo wa taifa, hupiga mpira wa kwanza ukaenda popote unapotaka, hukaa kwenye kiti chake hadi mapumziko, hunywa soda, kisha huondoka kwa ving'ora vile vile, na maofisa wote wakamfuata mbio mbio kila mmoja akiogopa kuonekana ameachwa. Kipindi cha pili kiliitwa kipindi cha wananchi. Tangu nchi ipate uhuru hapakuwa na kiongozi aliyewahi kukiona. Watoto wa mawaziri walikua wakiamini kwamba mpira huisha soda inapokwisha.

Siku moja Shungi walicheza na timu ya madereva wa Wizara. Mheshimiwa Kiponda alikuwa Mgeni Rasmi. Alipoondoka, madereva walikuwa wanaongoza kwa goli moja, naye akaenda zake akijua wameshinda. Kesho yake akaletewa habari kwamba wamefungwa tatu.

"Haiwezekani," akasema. "Nilikuwepo."

Akafikiri kwa siku nzima, jambo ambalo lilitangazwa redioni. Jioni akapata jibu: kama wanawake wamewafunga wanaume, basi vipimo vina kasoro.

Swali lenyewe la vipimo, kwa kweli, halikuwa baya. Hata Jokha aliwahi kumwambia Bi Shuwea, "Shangazi, mtambaa panya uko juu mno, mipira mingine huifikii." Bi Shuwea akamjibu, "Basi wewe zuia isifike huko." Wakacheka. Wakakaa chini wakalijadili: wapo waliosema goli dogo lingewafaa wasichana wadogo, wapo waliosema afadhali uwanja upungue na goli libaki, na mmoja wa wale wakwe akasema uwanja uongezwe ili akimbie mbali na mwenziwe. Wangeulizwa, wangejibu. Lakini Wastani haikuwa nchi ya kuuliza mtu jambo analolijua.

Waziri aliunda Tume ya Kitaifa ya Kuchunguza Ukubwa. Mwenyekiti alikuwa jenerali mstaafu, msaidizi wake profesa wa minazi, na mpimaji alikuwa shemeji wa Waziri, aliyekuwa na futikamba. Tume ilisafiri nchi za baridi miezi kadhaa, ikapima mabwawa ya kuogelea ya hoteli zote ilizolala, ikarudi ikiwa imenenepa. Ndipo ikagundua kwamba haijapima mwanamke hata mmoja.

Wakatafuta mwanamke ndani ya Wizara. Alikuwepo mmoja tu, Salome, mchapaji. Jenerali akamwamuru asiinuke, kwa sababu kanuni za utumishi zilikataza wachapaji kuinuka saa za kazi, na saa za kazi zilikuwa hazijaisha. Kwa hiyo shemeji akampima hivyo hivyo alivyoketi, kuanzia sakafuni hadi utosini, na kiwiko hadi kiwiko.

"Huyu ndiye wastani wa taifa," profesa akasema, na wakapeana mikono.

Sheria ikatoka. Iliitwa Sheria ya Huruma. Kifungu chake cha kwanza kilisema kwamba goli la wanawake litakuwa la kipimo cha mwanamke aliyeketi. Cha pili kilisema kwamba uwanja wao utapunguzwa hadi wasichoke, na eneo litakalobaki litatunzwa na Waziri.

Mheshimiwa akaisoma redioni kwa sauti yake nzuri.

"Ndugu wananchi, Serikali yenu sikivu imesikia kilio cha akina mama, tena imekisikia kabla hawajalia. Mama ni ua. Ua haliwezi kukimbizwa uwanja mzima kama mbuzi. Kuanzia leo, mama atakimbia kidogo, atafunga kidogo, na atashukuru sana."

Juu ya eneo litakalobaki, alikuwa ameshachora ukumbi wa harusi.

*

Walikuja kukata milingoti Bi Shuwea akiwa kwenye swala ya adhuhuri. Alisikia msumeno kwenye rakaa ya tatu. Hakuikata swala. Aliimaliza, akatoa salamu kulia na kushoto, ndipo akatoka.

Mlingoti mmoja ulikuwa umekwisha kulala. Mheshimiwa Kiponda alisimama pembeni chini ya mwavuli ulioshikwa na mtu mwingine.

"Mheshimiwa," Bi Shuwea akasema, "hiyo ni kazi ya mkono wa mume wangu."

"Kazi nzuri, mama. Mbao ngumu kweli kweli. Vijana wanatoka jasho."

"Umeshakata mmoja. Imetosha. Nakuomba kwa Mungu, imetosha."

Waziri akamtazama kwa huruma yote aliyokuwa nayo.

"Bado kidogo, mama," akasema. "Msumeno umeshashika."

Wakaikata yote, na mitambaa panya yake, wakaipakia garini. Bi Shuwea alilitazama lile gari mpaka likapinda kona. Hakulia. Wanawake wa mtaa walikuja kumshika mikono kama siku ya msiba, naye akawapikia chai, na walipokuwa wakinywa aliwasikiliza wakimlaani Waziri kwa zamu.

Mbao zile alizikuta tena mwezi uliofuata, kwenye gazeti. Mheshimiwa alikuwa amechongewa kiti cha Mgeni Rasmi, kipana, chenye mikono na taji. Kwenye mguu wa kulia wa kiti palikuwa na jicho jeusi la mti. Bi Shuwea alilijua jicho lile. Lilikuwa usawa wa bega lake, alikuwa akiliegemea mpira ulipokuwa mbali.

Tangu siku hiyo ibada yake ilipata kidonda. Ilikuwa kawaida yake kila baada ya alfajiri kuwasamehe waliomkosea, mmoja mmoja kwa jina. Alimsamehe muuza mkaa. Alimsamehe mwenye nyumba. Alimsamehe jirani aliyemwibia kuku na bado akaja kuomba limau la kumpikia. Akifika kwa Ngwali Kiponda, anakohoa. Anarudia tena tokea kwa muuza mkaa, akifika pale pale kikohozi kinamshika.

*

Serikali ya Wastani ilikuwa na siku ya malalamiko. Raia yeyote aliruhusiwa kulalamika mbele ya Waziri, ilimradi aanze kwa shukrani na amalize kwa shukrani, na lalamiko lenyewe lisizidi shukrani.

Bi Shuwea akaenda. Ukumbi ulijaa. Waziri alikuwa ameketi kwenye kile kiti.

"Mheshimiwa, nakushukuru kwa huruma," akaanza. "Nakushukuru kwa msumeno. Nakushukuru kwa kutupunguzia uwanja, miguu ilikuwa inatuuma na hatukujua. Nakushukuru kwa kukikalia kiti hicho, maana mbao zisingekaliwa zingeliwa na mchwa."

"Karibu, mama. Mwanamke mwenye adabu huyu, mmemsikia?"

"Nina ombi dogo. Watu wasio na shukrani wanasema mitaani kwamba Baraza la Mawaziri linaogopa kucheza nasi."

Waziri akaacha kujipepea.

"Nani anasema?"

"Wasio na shukrani, Mheshimiwa. Basi ninaomba mechi moja tu, Sikukuu ya Taifa, Baraza na Shungi. Tukishindwa, uwanja chukua wote, hata hicho kipande ulichotuachia. Mkishindwa ninyi, Sheria ya Huruma imshukie aliyeshindwa. Tumalizie hapo. Nakushukuru tena."

Waziri alicheka mpaka kiti kikalia. Akakubali papo hapo, mbele ya waandishi wa habari, na kwa kuwa alikuwa mtu makini akaweka masharti.

La kwanza, kwa kuwa sheria ni sheria, Shungi watafunga kwenye goli dogo, la mwanamke aliyeketi. Baraza watafunga kwenye goli la kiume, ambalo kwa heshima ya sikukuu litaongezwa upana na urefu. La pili, magoli yote mawili yatakuwa ya chuma, yatamiminiwa saruji, na atakayeyagusa atashtakiwa kwa uhaini, kwa sababu wanawake wanajulikana kwa kuhamishahamisha vyombo. La tatu, timu itakayotoka uwanjani kabla ya filimbi ya mwisho itahesabiwa imeshindwa.

"Mpira utachezwa jioni," akawanong'oneza wenziwe, "na jioni wanawake wote hukimbilia kupika. Watatoka wenyewe."

Saruji ilipomiminwa, Bi Shuwea alikwenda kutazama. Goli dogo lilisimikwa upande wa msikitini. Goli kubwa lilisimikwa upande wa sokoni, kubwa kiasi cha kupitisha lori lililobeba lori. Akatazama upande huu, akatazama upande ule. Akatazama saruji. Akasimama hapo mpaka ikaanza kukauka.

Jokha alimkuta njiani akirudi.

"Shangazi, umeona walivyotufanyia? Lile goli lao kuku hapiti! Watatuonea mchana kweupe."

"Nimeona."

"Mbona unacheka sasa?"

"Nani anacheka? Nasoma uradi."

"Uradi gani wa kuonyesha meno?"

"We Jokha, kapike vitumbua vyako. Na usimwambie mtu kama umeniona hapa."

*

Sikukuu ya Taifa ilifika. Mji mzima ulihamia uwanjani, hata wagonjwa waliletwa. Timu ya Baraza iliingia ikiwa na mawaziri wanne wazee, na vijana saba warefu wenye vifua vya mawe ambao waliapishwa manaibu waziri asubuhi ile kwenye kambi ya jeshi, na ambao wangeuzuliwa jioni.

Mheshimiwa Kiponda alikuwa Mgeni Rasmi, na pia alikuwa kipa. Alikuwa amelijaribu goli dogo akakuta linamkaa kama foronya inavyoukaa mto. Alijigeuza mara moja kupunga mkono, akakwama, wakamvuta. Kiti chake cha mninga kilibaki jukwaani, kitupu, kikilindwa na askari, na nyuma yake alikaa Salome, mchapaji, aliyeletwa kuandika ushindi.

Mtangazaji wa redio ya taifa alikuwa na maneno yake tayari tangu juzi.

"Baraza wanashambulia kwa maendeleo! Shungi wanarudi nyuma kwa shukrani!"

Kipindi cha kwanza kilikuwa adhabu. Wale manaibu waziri walipiga mipira kama wanafukuza wezi. Bi Shuwea aliruka huku, akaruka kule, ndani ya goli lile lenye upana wa nyumba, na dera likawa jekundu kwa vumbi. Alidaka mingi kuliko inavyoaminika. Minne ilimpita. Na kila Jokha alipofika upande wa pili akapiga, mpira ulikutana na tumbo la Mheshimiwa ukarudi, naye hakusogea, alikuwa anapiga makofi.

"Piga tena, ua langu!" alimpigia kelele. "Piga usichoke!"

"Nanyamaza kwa sababu ya umri wako, mzee," Jokha akasema, "siyo kwa sababu ya cheo."

Filimbi ya mapumziko ililia. Baraza nne, Shungi bila. Ving'ora vikawashwa. Mawaziri wakaanza kukumbatiana, soda zikafunguliwa, na Mheshimiwa akapanda kwenye gari huku akitafuta maneno ya kushukuru.

Refa alikuwa Mzee Bwanakheri. Alikuwa amechezesha mpira katika nchi hiyo maisha yake yote, na siku zote Serikali iliondoka kabla hajafika katikati ya kazi yake. Alikwenda kwenye dirisha la gari akagonga.

"Mheshimiwa, unakwenda wapi?"

"Nyumbani. Tumeshinda."

"Bado kipindi cha pili."

"Hicho cha wananchi, wacha wacheze."

"Sharti la tatu, Mheshimiwa. Timu itakayotoka kabla ya filimbi ya mwisho imeshindwa. Umelisaini mwenyewe."

Waziri akashuka, akafungua kifungo cha shingo. "Haya, haya. Kipindi cha pili. Soda itangoja." Akaanza kutembea kuelekea goli lake dogo.

"Siyo huko, Mheshimiwa."

"Siyo huko wapi?"

"Kipindi cha pili timu hubadilishana magoli. Wewe sasa ni upande wa sokoni."

Mheshimiwa Kiponda akageuka polepole akalitazama goli la upande wa sokoni. Ndege walikuwa wanapita ndani yake.

"Tangu lini?" akauliza.

"Tangu mpira uwe mpira."

"Mbona sijaambiwa?"

"Huwa umeshaondoka."

Waziri akamwita jenerali. Jenerali akamwita profesa wa minazi. Profesa akamwita shemeji. Wakashauriana kubadilisha magoli, wakakumbuka saruji. Wakashauriana kuvunja saruji, wakakumbuka uhaini. Ilikuwa mara ya kwanza katika historia ya Wastani sheria kumzuia aliyeitunga, na watu waliokuwepo walisema wakubwa wale walikuwa na nyuso za watu waliokanyaga ngazi isiyokuwepo.

Bi Shuwea alikuwa ameshafika kwenye goli dogo. Akainama akalipima kwa macho.

"Refa," akaita. "Kifungu cha kwanza kinasemaje?"

"Goli la wanawake ni kipimo cha mwanamke aliyeketi."

"Mimi ni mwanamke. Sheria inataka niketi. Nitaketije bila kiti?"

Mzee Bwanakheri akatafakari, kisha akatamka kwa sauti ya watu wote kusikia: "Apewe kiti. Kilicho karibu."

Kilichokuwa karibu kilikuwa kimoja tu. Askari akakishika asitoe. Hapo nyuma yake mtu akainuka, akazidi kuinuka, mpaka kichwa kikagusa turubai la jukwaa. Alikuwa Salome. Hakuna mtu wa Serikali aliyewahi kumwona amesimama.

"Saa za kazi zimeisha," Salome akamwambia askari. "Nipishe."

Akakibeba kile kiti mikononi kama kikapu, akavuka nacho uwanja, akakiingiza ndani ya goli. Kilitosha kama kilichongewa humo. Bi Shuwea akapapasa mguu wa kulia, akalipata lile jicho la mti, akasema bismillahi, akaketi. Mabega yake yakagusa chuma huku na huku, ushungi ukagusa chuma juu. Pengo lililobaki lisingepitisha hata ndimu.

*

Kipindi cha pili kikaanza.

Manaibu waziri walipiga mipira, mipira ikampiga Bi Shuwea magotini ikarudi. Mwingine ulikuja mapajani, akaukumbatia, akaufuta vumbi, akamrushia Jokha. Na Jokha, kila alipouinua uso, aliona goli kubwa kuliko nia yake, na katikati yake mtu mmoja mnene akikimbia kulia wakati mpira umekwenda kushoto.

La kwanza. La pili. Mtangazaji alisoma karatasi yake mpaka ikaisha, akaigeuza, nyuma ilikuwa nyeupe. "Wasikilizaji," akasema, "hali ya hewa ni nzuri." La tatu. Wakwe wawili wakapigiana pasi, mmoja akafunga, wakasahau wakakumbatiana, wakakumbuka wakaachiana. Nne kwa nne. Mwalimu wa chekechea akafunga kwa kichwa, akaomba radhi kwa mazoea.

Ushindi ulikuwa umepatikana. Wengi walidhani sasa Shungi watatuliza mpira warudishe nyuma, muda uishe kistaarabu. Jokha akamtazama shangazi yake kutoka katikati ya uwanja. Bi Shuwea, kitini, akainua kidole kimoja akakielekeza sokoni.

La sita. La saba. Mheshimiwa alijaribu kuzimia, akajilaza chini vizuri na mkono kifuani. Refa akamwuliza kama anatoka nje, maana kipa wa akiba hakuwepo na bila kipa timu imeshindwa. Akazinduka. La nane lilipita kati ya miguu yake, na la tisa akalitia mwenyewe akidhani analitoa. Suruali ilimpasuka nyuma, na umati wa Jamhuri ya Wastani, ambao kwa miaka yote ulicheka kwa kibali, ukacheka bila kibali.

Ndipo Mheshimiwa Daktari Ngwali Kiponda akauvuka uwanja mzima kwa miguu, ameshika suruali kwa mkono mmoja, mpaka mbele ya kile kiti. Pumzi zilikuwa zinamtoka kama mtu anayepuliza moto.

"Mama," akasema. "Bi Shuwea. Waambie wanao waache. Uwanja chukua. Sheria naifuta. Watu wananitazama, wanangu wananitazama. Nakuomba kwa Mungu, imetosha."

Bi Shuwea alimtazama. Alikuwa mwanamke wa ibada, na neno "nakuomba kwa Mungu" lilimgusa. Lilimgusa mahali pale pale lilipomgusa siku ya msumeno. Akapapasa mkono wa kiti. Mbao ilikuwa laini kama Mbaruku alivyoiacha.

"Bado kidogo, Mheshimiwa," akasema. "Mpira umeshashika."

Kisha akaongeza, kwa upole kabisa: "Na goli lako liko wazi."

Umati ulilipuka nyuma ya Waziri: la kumi. Hakuhitaji kugeuka.

*

Sheria ya Huruma haikufutwa. Waziri alijitolea kuifuta, Bi Shuwea akakataa: makubaliano yalikuwa imshukie aliyeshindwa, na yeye si mtu wa kuvunja makubaliano. Uwanja wa Kwa Mbaruku ukabaki mzima, na Shungi, waliojipimia wenyewe magoli yao, wanacheza hapo mpaka leo. Wanaobishana kuhusu vipimo wanaruhusiwa kubishana, ila kwanza wanapewa jezi.

Baraza la Mawaziri linacheza kila Ijumaa jioni nyuma ya Wizara, kwenye kiwanja kisichochosha, kati ya banda la kuku na karo la kufulia, kwa magoli ya mwanamke aliyeketi. Salome ndiye refa wao. Anachezesha amesimama. Vipindi viwili, lango limefungwa kwa kufuli, hakuna soda.

Jioni ile ya mechi Bi Shuwea alikibeba kiti chake mwenyewe nyumbani, akakiweka uani, akatawadha, akatandika mswala kwa ajili ya magharibi. Katika rakaa ya kwanza ikamjia picha ya Mheshimiwa akirudi mbio golini kwake, mkono mmoja kwenye suruali. Akacheka kwa sauti, swala ikaharibika. Akaanza upya. Ikamjia tena. Akaanza upya.

Mara ya tatu aliimaliza. Hakungoja alfajiri, akabaki pale pale mswalani akaanza kuwasamehe waliomkosea, mmoja mmoja kwa jina. Alimsamehe muuza mkaa, akamsamehe mwenye nyumba, akamsamehe mwizi wa kuku. Akafika kwa Ngwali Kiponda. Kikohozi hakikuja.

Akainua mikono yote miwili, macho amefumba, akamwombea Mheshimiwa umri mrefu, na afya njema ya magoti, ili asije akakosa Ijumaa hata moja.